Nilivyopata cheti cha mitandao bila pesa ya darasa

Mara ya kwanza kufanya mtihani wa CCNA, cheti cha mitandao ya kompyuta kinachotolewa na kampuni ya Cisco, nilifeli. Ada yake nilikuwa nimeikusanya kwa kujinyima miezi mingi, ikateketea ndani ya saa mbili. Ukifeli, Cisco wanakutaka usubiri siku 5, kisha ulipe ada yote upya. Siku hizo 5 si kitu. Mimi nilikaa karibu mwaka mzima nikitafuta hela nyingine.

Ndiyo maana mtu mwenye kipato kidogo akiniuliza anunue kozi gani, namwambia asinunue kwanza. Kwa sisi tunaohesabu kila senti, gharama kubwa kuliko zote ni kurudia mtihani. Masomo mazuri yapo bure: Jeremy's IT Lab wana kozi nzima ya CCNA YouTube, na Professor Messer ana video za vyeti vya CompTIA, watoaji wengine wa vyeti vya kompyuta. Akiba yako itunze kwa ajili ya ada, na usiilipe mpaka uwe umeiva.

Utajuaje umeiva? Pakua orodha ya mada za mtihani kutoka kwa watoaji wenyewe, ni bure. Ya CCNA 200-301 ina maeneo 6, kila moja na uzito wake: muunganisho wa IP (jinsi data inavyopata njia kati ya mitandao) una asilimia 25, huduma za IP asilimia 10. Mara ya kwanza sikuifungua kabisa. Nilifuata kozi niliyouziwa, ilipoisha nikajiona nimemaliza, kumbe wiki nyingi nilizipoteza kwenye vipengele vyenye alama chache, na OSPF, utaratibu ambao ruta hutumia kuchagua njia ya data, nimeipitia juu juu. Karatasi ya matokeo ilinionyesha hivyo hivyo, eneo kwa eneo. Safari ya pili niliichapisha orodha nikaibandika ukutani. Mstari haukupata alama ya vema mpaka niweze kuueleza bila kuangalia popote, na kama ni wa vitendo, niufanye mwenyewe kwa kuandika amri.

Vitendo hivyo nilivifanyia kwenye kompyuta kuukuu. Packet Tracer, programu ya kuigiza mtandao, hutolewa bure kupitia Networking Academy ya Cisco, na humo unajenga mtandao wa ruta na swichi, unauharibu kwa makusudi, kisha unatafuta kosa. Hiyo ya kuharibu ndiyo iliyonifundisha zaidi. Sijawahi kununua ruta ya kufanyia mazoezi.

Kugawa mtandao katika mafungu madogo ya anwani nako hakuhitaji hata umeme. Kila asubuhi nilijiandikia maswali 10 kwenye daftari. Kwa mfano, 192.168.10.70/26 iko mtandao gani? /26 maana yake biti 26 za mwanzo za anwani ni za mtandao, na kila fungu lina anwani 64. Kwa hiyo .70 iko kwenye fungu la .64 hadi .127: ya kwanza, .64, ni ya mtandao wenyewe, ya mwisho, .127, ni ya matangazo (ujumbe kwa vifaa vyote), na vifaa 62 vinaenea katikati. Mwanzoni swali moja lilinichukua dakika tatu. Baada ya mwezi nilikuwa nalimaliza kwa sekunde chache, na muda huo niliookoa niliuhitaji sana kwenye mtihani, kwa sababu CCNA haikuruhusu kurudi nyuma kwenye swali uliloliacha.

Kuhusu bando: shusha ubora wa video, na kinachoweza kusomwa kwa maandishi kisome kwa maandishi. Anayesomea AWS ya Amazon au huduma nyingine za wingu, yaani seva za kukodi mtandaoni, aweke tahadhari ya bajeti siku ya kwanza na azime seva akimaliza zoezi, maana bili ya seva iliyosahaulika inaweza kumeza ada ya mtihani.

Utapewa pia mafaili ya maswali yaliyovuja. Nakuomba usiyaguse. Watoaji wakigundua wanaweza kukufutia cheti na kukufungia mitihani, na majibu mengi humo ni ya makosa. Zaidi ya hayo, siku mtandao wa ofisi umekatika na watu wote wanakutazama wewe, hutakuwa na faili la kuchungulia.

Kabla hujachagua cheti, angalia pia gharama ya kukihuisha. Vile vya Microsoft vinavyolenga kazi fulani hudumu mwaka mmoja, lakini huhuishwa bure mtandaoni. CCNA hudumu miaka 3, kisha ufanye mtihani tena au ukusanye pointi 30 za masomo ya kuendelea. Mimi nimechagua pointi, na nilianza kuzikusanya mapema.