Manjano na ini lenye mafuta

SWALI: Nina mafuta kwenye ini. Nimesoma kwamba kukumini iliyomo kwenye manjano ilipunguza mafuta hayo kwa panya waliopewa miligramu 100 kwa kila kilo ya uzito. Nina kilo 80. Je, ninywe miligramu 8,000?

JIBU: Hapana, tafadhali usifanye hivyo. Mwili wa panya mdogo wa maabara huivunja dawa haraka kuliko wetu, kwa hiyo kipimo chake hugawanywa kwa takriban 12. Kwako ni kama miligramu 650, na hicho ni kipimo cha kuanzia utafiti, si cha tiba. Tena panya wengi hupewa kukumini wakati uleule wanaponenepeshwa. Hiyo ni kinga, ilhali ini lako limeshapata mafuta.

Manjano ya unga yana kukumini karibu asilimia 3 tu, na utumbo huifyonza kidogo mno. Tunachokihofia hasa ni vidonge vya kukumini vilivyotiwa piperini ya pilipili manga ili ifyonzwe zaidi: vimeshawahi kuumiza ini. Macho yakiwa ya njano au mkojo ukiwa mweusi, acha mara moja, nenda hospitali.

Kama una uzito uliozidi, kupunguza kilo 6 hadi 8 polepole kutakusaidia zaidi.