Kabla hujapandisha uso wa mtu

Juzi kijana wetu mmoja alipandisha picha ya mwandamanaji: uso wazi, kibao cha duka nyuma kinasomeka, maelezo yanataja mtaa na saa. Nilimpigia simu chai ikiwa bado mdomoni. Wadogo zangu wapiga picha, nawapenda, lakini hili mtalirudia hadi lini?

1. Betri ya akiba ikae mfukoni, si kwenye begi. Kadi ya kamera ikijaa, itoe uifiche. Usisimame katikati ya polisi na vijana, na ujue njia ya kutokea kabla kitoza machozi hakijarushwa.

2. Uso. Tarehe 25 Juni 2024, siku waandamanaji walipoingia Bunge la Kenya, nilikuwa Kencom, katikati ya Nairobi. Msichana alipiga magoti barabarani, bendera mabegani, maji ya boza, lile gari la polisi la kurushia maji, yakimchuruzika. Nilikuwa na lenzi ya milimita 35, isiyovuta vya mbali, kwa hiyo nilimsogelea hadi nikasikia anavyohema. Jina sikuuliza. Nilijiambia yuko hadharani, ruhusa ya nini? Jioni nikapandisha. Kesho yake Rais akakataa kutia saini Muswada wa Fedha, ule wa kodi uliokuwa ukipingwa na waandamanaji, watu wakashangilia, nami nikawa nahesabu waliosambaza picha yangu.

Na nilijua. Sote tulijua vijana walikuwa wakichukuliwa na watu wasio na sare. Siku ya tatu rafiki wa yule msichana akanipigia: wanaume wawili wamepita mtaani kwao wakionyesha picha yangu kwenye simu. Msichana akahamia kwa shangazi yake, mtihani wa chuo ukampita. Niliifuta, lakini ilikuwa imeshafika kwenye simu nisizozijua. Nilipoenda kumwomba msamaha hakunigombeza. Alisema, "Kaka, ungeniuliza tu, ningevaa barakoa." Maneno hayo bado yananiamsha usiku.

Basi: piga picha za mgongo, mikono, bango, viatu vilivyoachwa. Futa data ya mahali inayohifadhiwa ndani ya picha. Mhariri akikuharakisha, mwambie angoje.

3. Msiondoke moshi ukiisha. Mpiga picha Boniface Mwangi alizipeleka picha za ghasia za baada ya uchaguzi za 2007 na 2008 mitaani, katika maonyesho ya Picha Mtaani, ili wananchi wenyewe wajitazame. Kazi yetu inaendelea baada ya risasi.

Tarehe 7 Julai nilikwenda Uhuru Park, kwenye tamasha la kuwakumbuka waliouawa. Mama mmoja alikuwa amekumbatia picha ya mwanawe. Nilishusha kamera, nikaketi kando yake, nikaomba ruhusa. Akanyamaza kitambo, akafunga upya kilemba chake, akainua ile picha usawa wa kifua. "Haya mwanangu, piga."