Si ulafi, mwanangu

Mwanangu, voisi yako nimeisikiliza mara mbili. Unauliza mbona ukitoka shifti ya usiku unapiga chipsi mayai na soda unashiba kabisa, alafu saa nzima haijaisha ushaanza kutafuta andazi, ni ulafi au una minyoo? Minyoo nenda kapime, hilo rahisi. Ulafi nakataa, nimekulea mwenyewe nakujua.

Iko hivi. Kuna mshipa wa fahamu unaitwa vagasi, umeshuka toka kichwani mpaka tumboni, na watu wanadhani kazi yake ni kuteremsha amri tu, kumbe nyuzi zake nyingi, kama 80 kwa kila 100, zinapandisha habari kutoka chini. Yani tumbo ndo linaongea sana. Likitanuka linasema, na utumbo ukikutana na mafuta na protini unamwaga homoni za kuuambia ubongo basi jamani imetosha. Sasa hizo habari mpaka zikolee ni dakika kama 20, na we toka mdogo unakula kama unafukuzwa, sahani inaisha taarifa iko njiani, na soda ndo kabisa, inateremka haraka hata tumbo halijui kama limepewa kitu.

Njaa nayo ina homoni yake, ghrelini, Wajapani waliigundua 1999, inatoka tumboni na inazoea saa. Unakumbuka ulivyokuwa shule ya msingi, hata likizo ikifika saa nne ya uji unalialia? Ndo hio.

Ila mimi kinachonitia wasiwasi ni usingizi. 2004 kule Chicago walichukua vijana 12 wa kiume wazima wa afya, wakawalaza masaa 4 tu kwa siku mbili, homoni ya njaa ikapanda na ile ya shibe, leptini, ikashuka, na hamu ikaenda kwenye vitamu na vya chumvi na wanga. Si ndo andazi lako hilo! We wiki nzima unalala masaa mangapi, matatu?

Basi ukitoka kazini tafuta maharage na wali au ugali, kula polepole, simu weka mbali, ukifika nusu sahani pumzika kidogo, afu funga mapazia ulale mpaka mchana. Andazi likikuita baada ya hapo, kula moja bila kujisema.

Na majibu ya minyoo nitumie leo leo.

Mama