Maswali yenu ya vyuma: kasimile, vidonge vya mashavu na wiki mbili za muujiza

Msimu wa mashindano ya kutunisha misuli ukikaribia, simu yangu hapa Tanga hailali. Nimechagua maswali tisa. Mlioniuliza bei ya unga wa protini, nendeni dukani, mimi siuzi.

Kocha, mashindano yamebaki wiki mbili na tumbo bado lipo. Nifanye zoezi gani likatike? (Makorora)

Hakuna. Swali hili nimelipata mara sita wiki hii, na wawili kati yenu nimewajibu mwaka jana kwa maneno haya haya. Mafuta hayatoki mahali unapopasugua. Ukipiga sitapu 500 kwa siku utapata tumbo gumu lililofunikwa na mafuta yaleyale. Maandalizi ni wiki 12 hadi 16, na mwenye mzigo mkubwa hata 20. Kasi salama ya kupungua ni nusu hadi asilimia moja ya uzito wako kwa wiki, yaani mtu wa kilo 80 apoteze gramu 400 hadi 800. Piga hesabu mwenyewe wiki mbili zitakupa nini. Nenda ukakae na watazamaji, ujifunze, mwakani upande.

Shikamoo kocha. Nakula samaki, mboga na wali kidogo, nakimbia kilomita 5 Raskazone kila alfajiri. Miezi miwili mizani haisogei. Ni homoni? (Barabara ya 14, Ngamiani)

Marahaba. Homoni ziache kwanza, nieleze samaki anapikwaje.

Nilikuwa na kijana wa aina yako. Daftari lake la chakula lilikuwa safi kama la mwanafunzi wa mtihani: "changu, mchicha, wali kiasi". Siku moja nikaamua kumtembelea bila taarifa. Nikamkuta mama yake yuko juu ya mbuzi, nazi ya tatu mkononi. Mbili zilikwishaingia: moja kwenye wali, moja kwenye mchicha. Ya tatu ilikuwa ya mchuzi wa samaki, na mama hakuwa mtu wa tui la pili. Kasimile tupu, yaani tui la kwanza, nzito, inang'aa juu kama dizeli kwenye dimbwi. Kijana alikuwa mkweli kabisa, maana samaki alikuwemo. Ila alikuwa anaogelea.

Kikombe kimoja cha kasimile kinaweza kupita kalori 500. Kukimbia kunakula takriban kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita, kwa hiyo mtu wa kilo 75 anahitaji karibu kilomita 7 kulipia kikombe hicho. Raskazone yako yote ya asubuhi inarudi mchana ndani ya bakuli moja.

Usimwambie mama apike bila nazi, hapa Tanga utahamishwa nyumba. Mwombe akutengee vipande vyako kabla tui halijamiminwa, uchome na ndimu na pilipili. Mchicha wako upikwe kwa kitunguu na kijiko kimoja cha mafuta, na hicho kijiko kipimwe, usimimine kwa macho. Wali wa nazi uwe wa Ijumaa. Fanya hivyo wiki tatu ndipo uniandikie tena habari za homoni.

Kreatini ni steroidi?

Hapana. Ni kirutubisho cha nguvu ya msuli, na gramu 3 hadi 5 kwa siku zinatosha. Mwenye ugonjwa wa figo amwone daktari kwanza.

Kaka, mimi ni bodaboda, unga wa protini siuwezi. Nitashindanaje na wenye makopo? (Mabanda ya Papa)

Vizuri sana, maana wenye makopo wengi nawaona wanakunywa kopo halafu wanalala na chipsi.

Lengo ni gramu 1.6 hadi 2.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Ukiwa na kilo 70, ni kuanzia gramu 112. Yai moja lina kama gramu 6. Nyama ya samaki aliyepikwa, gramu 100 zake zina 20 na zaidi. Nusu lita ya maziwa ina kama 16. Sasa panga: mayai manne, nusu lita ya maziwa, vibua wanaotoa gramu 300 za nyama, bakuli la kunde. Umeshafika. Wewe una pikipiki, pita soko la samaki la Deep Sea wakati wauzaji wanataka kufunga, hapo kibua hana maringo. Siku ya mkono mtupu kuna dagaa na maharage.

Mnaoniambia mnajenga mwili kwa bada (ugali wa muhogo) na muhogo wa kuchemsha: hiyo ni nguvu ya kufanyia zoezi, na sina ugomvi nayo, lakini protini yake ni kidogo mno. Bada bila kitoweo cha maana haijengi bega. Na nyie mnaovunja mayai mabichi kwenye glasi, mwili unanyonya karibu nusu tu ya protini ya yai bichi, la kupikwa ni zaidi ya asilimia 90. Mnatupa nusu ya pesa na mnajitafutia ugonjwa wa tumbo. Chemsheni.

Kuna jamaa jimu anatuuzia vidonge vidogo vya "mwili". Wiki tatu nimeongezeka kilo 4, mashavu yamejaa, watu wananisifia. Niendelee? (Chumbageni)

Kwa ulivyonieleza, nakushuku umeuziwa deksa (deksamethasoni) au ndugu yake, predinisoloni. Ni dawa za kweli, hospitali huzitumia kwa pumu, mzio mkali na magonjwa mengine, kwa kipimo na kwa sababu. Ujanja wa wauzaji uko kwenye jina. Wanasikia nazo zinaitwa "steroidi" wanadhani ni zile za wanyanyua vyuma, au wanajua na wanakutazama tu. Hizi kazi yake kwenye msuli ni kuubomoa. Zinaanza na mapaja na mabega, ndiyo maana watumiaji wa muda mrefu hushindwa kuinuka kwenye kigoda bila kushika ukuta. Kilo 4 zako ni maji na mafuta. Mashavu hayo mnayoyaita mwili madaktari wana jina lake: uso wa mwezi. Nyuma yake kunakuja sukari, presha na mifupa dhaifu.

Na hapa nisikilize vizuri: usivikatishe ghafla kwa sababu umenisoma mimi. Ukivimeza kwa wiki kadhaa, tezi zilizo juu ya figo husinzia, na ukikata kwa mkupuo unaweza kuanguka. Chukua kidonge chenyewe na karatasi yake kama ipo, nenda hospitali ya Bombo, mwambie daktari ukweli wote na siku ulizotumia. Hatakucheka.

Wa sindano nao msijione wajanja. Testosteroni (homoni ya kiume) ya kuchoma hupumzisha korodani, zikasinyaa, mbegu zikapungua, na moyo nao unanenepa pasipotakiwa. Nimewaona wanaume wenye mikono kama mihimili wakihangaika kwa madaktari kutafuta mtoto. Kuna kijiwe nimesikia sindano moja inapita watu watatu. Hapo mnagawiana virusi vya UKIMWI na homa ya ini, si misuli.

Siku ngapi kabla niache maji na chumvi? Na nikimbie na nailoni mwilini? (wengi)

Mwaka wangu wa pili wa kushindana niliacha maji siku mbili, kwa ushauri wa mtu niliyemwona bingwa. Nilikuwa natafuna vipande vya barafu na kuvitema. Jukwaani, pozi la tatu, la ubavu, nikakaza mguu na paja la kulia likakaa hivyohivyo. Halikuachia. Niliteremshwa na watu wawili, nimeshikwa kwapani kama bwana harusi aliyezimia, na picha ninayo. Nilikuwa mwembamba na bapa kama samaki ng'onda, kwa sababu msuli wenyewe robo tatu yake ni maji. Kila gramu ya wanga iliyohifadhiwa humo hushika kama gramu 3 za maji. Ukiyatoa, unatoa na ukubwa uliouhangaikia.

Mimi nilipona. Mohammed Benaziza, mzaliwa wa Algeria, alishinda mashindano Uholanzi mwaka 1992 akafa saa chache baadaye, mwili ukiwa umekaushwa maji. Alikuwa miongoni mwa walio bora duniani, ana watu wa kumsaidia. Wewe una nailoni na vidonge vya kukojoza vya shangazi yako mwenye presha.

Kunywa maji kama kawaida, chumvi kama kawaida. Nailoni kwenye joto na unyevu wa Tanga ni kujipika. Usinitumie tena swali hili.

Kaka, nataka kushindana upande wa wanawake. Mume wangu anasema nitakuwa na mwili wa kiume. Jambo jingine, hedhi imesimama miezi mitatu. (Usagara)

Dada yangu, hilo "jambo jingine" ndilo lilikuwa la kwanza. Pima ujauzito. Kama haupo, onana na daktari, na umwambie unavyokula, maana mara nyingi mwili wa mwanamke anayefanya mazoezi makali kwa chakula kidogo hufunga mlango huo kuokoa nguvu, na mifupa hulipia. Sitisha kupungua. Ongeza chakula. Jukwaa litakusubiri.

Shemeji mwambie testosteroni ya mwanamke ni chini ya ya mwanamume mara 10 na zaidi, kwa hiyo bila dawa za kihuni hawezi kuamka siku moja akakuta ana kaka chumbani. Kuhusu vazi la jukwaani, hayo ni mazungumzo yenu ya ndani, sitii mguu.

Ramadhani itanipotezea mwili? (Tongoni)

Haikupotezei. Kaimati na tambi za sukari ndizo zinazokupoteza. Weka protini kwenye futari na daku, nyanyua vyuma baada ya tarawehe, punguza seti.

Nipake mafuta gani jukwaani? (Makorora tena)

Nani kakufundisha mapozi? Unaniuliza mafuta, hujaniuliza mapozi. Dakika 20 kila siku kwa wiki sita za mwisho, kila pozi ulishike sekunde 15 huku unapumua na uso umetulia, na umwombe mwenzako akupige video, kioo kinakudanganya mgongo. Watu huja na mwili wa miezi sita wakasimama kama wanapiga picha ya pasipoti. Mafuta waulize waandaaji kwanza, mashindano mengine hayataki mengi kwa sababu yanachafua zulia.