Nusu siku mjini Nairobi: kwenu mnaoanza kuongoza wageni

Msimu umeanza na makosa ni yale yale ya mwaka jana. Kaa Kenyatta Avenue asubuhi moja tu, utaona kundi la watu ishirini limegawanyika kwenye kivuko: mwongozaji keshavuka na ameanza kueleza, nusu ya wageni wake bado wako ng'ambo wanasubiri taa. Wadogo zetu, historia mnaijua, chuoni mmefaulu. Kinachowaangusha ni mpangilio, pamoja na hadithi mbili tatu mnazorithishana bila yeyote kuzikagua.

1. Vituo ni saba, basi.

Ratiba zenu zina vituo kumi na tano, na wageni wanarudi hotelini wakikumbuka foleni tu. Anzeni saa mbili asubuhi, mmalize saa tano na nusu. Hizo ni dakika 210. Makumbusho ya Reli yape 40. KICC, jumba la mikutano ya kimataifa, ipe 40, kwa sababu tiketi, ukaguzi na lifti vinakula muda. Vitano vilivyobaki, yaani Bustani ya Kumbukumbu ya 7 Agosti, sanamu ya Tom Mboya, ya Kimathi, sanamu ya askari na Nairobi Gallery, vipeni 12 kila kimoja. Jumla ni 140. Dakika 70 zinazobaki ni za kutembea, kuvuka, choo, na yule mgeni mmoja anayesimama kununua maji kila kona. Ukizijaza kwa Msikiti wa Jamia na Soko la Jiji utakuwa unakimbiza watu, na anayekimbizwa hasikilizi.

Njia hii inafuata miguu, haifuati miaka. Unatoka kwenye reli ya 1899 na kuingia kwenye bomu la 1998 kwa mwendo mfupi sana. Kwa hiyo kila kituo kianze na mwaka, kabla ya jina la mtu au la jengo. Mgeni aliyepotea katika miaka haulizi, ananyamaza tu na kupiga picha.

2. Simba.

Hapa lazima tukae. Kila wiki kuna mtu amesimama kando ya behewa namba 12 pale Makumbusho ya Reli, akisema kwa sauti kubwa kwamba simba wa Tsavo waliingia humo wakamtoa Ryall, yule afisa wa polisi wa reli. Hilo ni kosa, na ni kosa baya, kwa sababu siku hizi wageni wengi wamesoma kabla ya kuja. Wakikukamata hapo, kwenye kituo cha kwanza, hawatakuamini tena hata ukiwaambia jina la barabara mliyosimama.

Tenganisheni mambo mawili. La kwanza ni Tsavo, mwaka 1898, wakati wa ujenzi wa daraja la reli juu ya mto Tsavo. Simba walikuwa wawili, madume wasio na manyoya ya shingoni, na walivamia kambi za wafanyakazi kwa miezi hadi Patterson, mhandisi wa daraja, alipowaua wote wawili Desemba 1898. Ngozi zao ziliuzwa kwa Field Museum ya Chicago katika miaka ya 1920, na ndiko waliko hadi leo. Mgeni akikuuliza kwa nini hawako Nairobi, mjibu hivyo hivyo. Idadi ya waliouawa nayo iangalieni. Patterson alikuja kutaja watu 135; utafiti wa mifupa na nywele za simba hao uliochapishwa 2009 ulikadiria takriban 35. Tajeni zote mbili na mseme kila moja imetoka wapi. Mkitaja 135 peke yake mnauza chumvi.

La pili ni Kima, Ukambani, Juni 1900, mwaka mmoja na nusu baada ya simba wa Tsavo kufa. Simba huyu ni mwingine kabisa. Charles Ryall alikuwa msimamizi wa polisi wa reli, na alilala kituoni ndani ya behewa pamoja na Wazungu wengine wawili, Huebner na Parenti, wakimvizia simba aliyekuwa akishambulia watu pale. Zamu ya kukesha ilikuwa ya Ryall, usingizi ukamshinda. Simba akaingia kwa mlango wa kuteleza, na uzito wake ukalemeza behewa hata mlango ukajifunga nyuma yake. Parenti alikuwa amelala sakafuni, Huebner kitanda cha juu. Simba akamshika Ryall na kutoka naye kupitia dirishani.

Sasa, namna ya kusimulia. Usisimulie mkiwa mmezunguka behewa lote, kwa sababu walio upande wa pili hawaoni unachoonyesha. Wasimamishe wote upande mmoja. Waonyeshe dirisha kwanza, waache wapime kwa macho upana wake, ndipo uanze. Eleza behewa lilivyoinama na mlango ulivyojifunga, maana hapo ndipo watu wanapoelewa kwamba wale wengine wawili walifungiwa ndani na simba. Usingurume, tafadhali. Aliyekufa ni mtu, na amezikwa hapa hapa Nairobi.

Halafu msisahau waliojenga reli yenyewe. Ilianza Mombasa 1896, ikafika Nairobi Mei 1899 na Kisumu 1901, na jiji hili lote limetokana na kituo kile. Mwongozaji anayetumia dakika 40 zote kwa simba ameacha kueleza kwa nini kuna Nairobi.

3. Bustani ya 7 Agosti.

Maelezo yote yatolewe nje ya lango. Ndani kwenye ukuta wa majina mnanyamaza, maana mara nyingi kwenye benchi ameketi mtu ambaye jina la nduguye liko pale. Waliokufa Nairobi bomu lilipolipuliwa kwenye ubalozi wa Marekani, 7 Agosti 1998, ni 213, na Wamarekani kati yao ni 12. Semeni hivyo waziwazi, kwa kuwa wageni wengi huja wakidhani waliokufa ni watu wa ubalozi tu. Jengo la Ufundi lililokuwa jirani ndilo lililoporomoka. Asubuhi ile ile ubalozi wa Dar es Salaam ulipigwa pia.

4. KICC.

Imejengwa 1967 hadi 1973, ghorofa 28, ikawahi mkutano wa Benki ya Dunia na IMF wa Septemba 1973. Mnamtaja Nøstvik wa Norway na kumwacha David Mutiso, Mkenya aliyesanifu pamoja naye. Mtajeni Mutiso. Na si jengo refu kuliko yote tena. Times Tower ililipita zamani. Pandeni mapema, mkiona milima ya Ngong vizuri mshukuru. Wageni wawe na pasipoti au nakala yake.

5. Mboya na Kimathi.

Wako karibu hata vijana huwachanganya tarehe. Mboya, waziri katika serikali ya Kenyatta, alipigwa risasi Jumamosi, 5 Julai 1969, nje ya duka la dawa kwenye barabara ambayo sasa ni Moi Avenue, akiwa na miaka 38. Sanamu yake iko jirani na mahali hapo na ilizinduliwa 2011. Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alinyongwa gereza la Kamiti 18 Februari 1957; sanamu yake ikazinduliwa tarehe hiyo hiyo mwaka 2007. Mgeni atauliza mbona ilichukua miaka 50. Jibu mnalo: Mau Mau iliendelea kuwa kundi lililopigwa marufuku hadi 2003, miaka arobaini baada ya uhuru. Hapo Moi Avenue msisimame katikati ya njia ya watu, mtasukumwa na mifuko itachunguzwa. Mgongo wa kundi uwe ukutani.

6. Sanamu ya askari, Kenyatta Avenue.

Msiwaite watu wa sanamu hii wapiganaji wa uhuru. Ni ukumbusho wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, uliozinduliwa 1928, kazi ya Stevenson, aliyechonga pia ile ya Dar es Salaam. Watu ni watatu: askari, Mwarabu mwenye bunduki na mpagazi. Mwanzieni mpagazi. Hana silaha, na wengi wa wenzake waliuawa na kuhara, malaria na njaa kuliko risasi. Mtaa wa Kariokor ulikuwa kambi yao. Maandishi yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Mwombe mgeni asome ya Kiingereza, wewe usome ya Kiswahili, kisha muulizane ni mfalme wa nani wanayeambiwa walimfia. Mazungumzo hayo yana faida kuliko tarehe zote mlizokariri.

Kuvuka hapo ni kwa awamu mbili: kwanza hadi katikati, hesabu watu, kisha upande wa pili. Mmoja wenu mbele, mmoja nyuma. Kundi likizidi 12, ligaweni.

7. Mengineyo.

Simu isishikwe upande wa barabara, boda boda zinapita nazo. Bungeni, kaburi la Kenyatta, polisi na wanajeshi havipigwi picha. Ijumaa adhuhuri epukeni mitaa ya Jamia. Beba sarafu za choo. Aprili na Novemba bebeni miavuli ya ziada. Kariri majina ya zamani ya mitaa: Government Road ni Moi Avenue, Delamere Avenue ni Kenyatta Avenue, Hardinge Street ni Kimathi Street, Queensway ni Mama Ngina. Wazee waliozaliwa hapa wakaondoka watakuuliza hayo tu.

Mkielekea Nairobi Gallery mtapita Kipande House ya 1913, ambayo leo ni benki. Simameni dakika mbili kando ya njia mweleze kipande, kitambulisho cha Waafrika enzi za ukoloni, kilivyovaliwa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Gallery yenyewe ni ofisi ya zamani ya mkuu wa mkoa, nayo ni ya 1913, na hapo ndipo umbali wa barabara za Kenya ulipoanzia kupimwa. Hakikisheni malipo ya kuingia yamefanywa kwa simu kabla hamjafika mlangoni, na dereva ajulishwe mkiwa Kipande House, kwa sababu kwenye Uhuru Highway hawezi kusimama akiwasubiri.