Jibu: Anza na Molly Tuttle

Mkuu, umeuliza ni mtunzi gani wa kizazi hiki wa blugrasi (muziki wa Kimarekani wa ala za nyuzi) anayepanda kwa kasi, na uanze kumsikiliza wapi. Kwangu mimi ni Molly Tuttle, bila kusita.

Kazaliwa California mwaka 1993, baba yake mwalimu wa muziki, na gitaa alianza akiwa na miaka 8. Akasoma chuo cha muziki cha Berklee kule Boston, kisha akahamia Nashville, jiji la muziki kule Tennessee. Mwaka 2017 akawa mwanamke wa kwanza kutwaa tuzo ya mpiga gitaa bora ya chama cha kimataifa cha blugrasi. 2018 akaichukua tena!

Ukipata video yake, kodolea macho mkono wa kulia. Kuna upigaji wa zamani wa banjo, ala ya nyuzi inayofanana na gitaa, ambapo ukucha unagonga nyuzi kuelekea chini, halafu kidole gumba kinaitikia kwenye uzi mwingine. Yeye kauhamishia kwenye gitaa. Fumba macho, utaapa wanapiga watu wawili.

Anza na albamu ya Crooked Tree ya 2022, iliyompa Grammy ya albamu bora ya blugrasi. Iliyofuata, City of Gold, nayo ikashinda. Wimbo uliobeba jina la Crooked Tree unahusu mti uliopinda, ambao wakata miti wanauacha usimame. Usikilize ukijua kwamba nywele zilimtoka kwa maradhi akiwa na miaka 3 tu. Kuna siku huvua wigi palepale jukwaani, akaendelea kuimba. Mimi hapo ndipo aliponishika.