Baharia aliyetoka vitani akarudi Grimsby: rekebisha haya kwenye mchezo wako

Mkuu, nimesoma muhtasari wa mchezo wako wa redio. Baharia anaachishwa Jeshi la Majini la Uingereza mwishoni mwa 1945, anarudi Grimsby, mji wa wavuvi, na kila baada ya safari anakaa gatini wiki mbili akiiwaza vita. Hizo wiki mbili zifute. Trola, yaani meli za kukokota nyavu, za masafa marefu zilikwenda Iceland na Bear Island, kisiwa cha Aktiki, safari ya wiki tatu hivi. Zikirudi zinashusha samaki, na baada ya siku mbili tatu zinang'oa nanga tena. Ndiyo maana wavuvi wale waliitwa mamilionea wa siku tatu: siku hizo chache za kutumia pesa, kisha baharini tena. Kama ni mawazo, yamkute deki na kisu mkononi.

Kipindi pekee kirefu cha kukaa nyumbani ni cha mwanzo: siku 56 za likizo yenye malipo, na suti, kofia, viatu na koti la mvua la serikali. Sheria ya 1944 ilimlazimisha mwajiri wa zamani kumrudisha kazini. Ila kwa mvuvi sheria hiyo ilikuwa na tundu: trola yake ikiwa imezama, au bado ipo mikononi mwa jeshi lililoichukua kwa ajili ya vita, hakuna deki ya kumrudishia.

Na hata zilizorudishwa hazikuwa tayari kuvua. Omo lilikuwa limejengewa jukwaa la mzinga, nyuma kuna reli za kuangushia mabomu ya kuzamisha nyambizi, na ngama ya samaki imegeuzwa chumba cha kulala mabaharia. Kwa hiyo kabla ya safari ya kwanza yote hayo yang'olewe, ngama iwekwe upya vizuizi vya joto na mbao za kutenganisha samaki na barafu. Ukitaka tukio la mtu wako kukutana na vita nchi kavu, mpeleke hapo: anavunja kitanda alicholalia miaka minne ili pawekwe barafu.

Vita aliifanyia wapi? Mweke kwenye kikosi cha doria, Royal Naval Patrol Service, makao yake Sparrow's Nest, Lowestoft. Wavuvi walichukuliwa wengi huko kwa sababu walishajua winchi na waya. Zana ya kufagia mabomu ya baharini ni binamu wa wavu wa kukokota: waya unafunguliwa nyuma ya meli, mbao inauvuta pembeni, boya linaushikilia, vikato vinakata mnyororo au waya wa bomu. Bomu likiibuka, linapigwa risasi hadi lizame.

Tofauti ni kwamba waya wa kufagia unatembea katikati ya maji, na wavu unatakiwa uguse chini. Kanuni ya wengi: waya mara tatu ya kina, yaani maji ya pima 100 fungua pima 300. Ukiufupisha, wavu unapaa, samaki wanabaki chini yake. Ukizidisha, mbao za kutanulia mdomo wa wavu zinalala au zinachimba tope, mdomo wa wavu unafunga, na saa tatu za kukokota zinaleta matope matupu. Kosa la namna hii linamfaa sana mtu aliyekaa miaka mingi bila kutupa wavu.

Kuhusu zamu, jeshini zilikuwa za saa nne nne, na pombe ya ramu ilitolewa kila siku kwa hesabu ya serikali. Kwenye trola samaki wakikolea ni saa 18 deki, sita za kulala, ukitumbua matumbo kwenye baridi hadi vidole havisikii kisu. Usimwandike analala usiku kucha halafu anaota mizinga, hana usiku huo.

Pesa ndiyo itakayokupa ugomvi wa nyumbani. Wakati wa vita mkewe alichukua posho posta kila wiki bila kukosa. Sasa kama mumewe ni mvuvi wa deki, ana mshahara mdogo wa wiki, senti kidogo kwa kila pauni ya mauzo, na fungu la mafuta ya maini ya samaki. Akiwa nahodha au msaidizi wake ni hatari zaidi: anakula fungu la kinachobaki baada ya kukatwa makaa, barafu na gharama nyingine. Mnada ukiwa mbaya, anatoka ofisini baada ya wiki tatu akiwa anadaiwa. Na cheo alichopata jeshini hakimpi nafasi ya juu melini.

Mabomu yaliendelea kunaswa kwenye nyavu baada ya vita, na hapa ujuzi wake unaweza kumponza. Pembe ya bomu ina chupa ya asidi ndani; ikipindwa, chupa inavunjika, umeme unazalishwa na bomu linalipuka. Likionekana wavu ungali majini, simamisha winchi, usilipandishe. Kata wavu na utie alama mahali hapo. Likishaanguka deki, lifungwe lisibiringike, liloweshwe maji muda wote, lisigongwe wala kusogezwa karibu na joto, watu wakae mbali, na bandari ijulishwe kabla ya kusogelea. Baharia wako wa kufagia atatamani kulipiga risasi kama zamani. Bunduki hana, na bomu liko hatua nne kutoka kwenye boila ya mvuke.

La mwisho, ule mstari wa 1946 anapolalamika kuwa samaki wamekwisha, ugeuze. Bahari ya Kaskazini ilipumzika miaka sita, na walioanza kuvua walipandisha samaki wengi na wakubwa, hasa wale bapa jamii ya gayogayo. Malalamiko hayo mpe miaka michache baadaye, baada ya trola zote kurudi majini.